Kibodi na kipanya visivyo na waya kwa kazi ya steshenari: nichague nini?

Mwenye Steshenari, Morogoro

Habari za kazi, ndugu zangu. Naomba ushauri wa watu waliokwisha kutumia kibodi na vipanya visivyo na waya kazini, hasa mahali ambapo vifaa vinashikwa na mikono mingi.

Ninaendesha steshenari ndogo yenye kompyuta tatu za mezani. Mbili tunazitumia mimi na msaidizi wangu kuchapa barua, wasifu na ripoti za utafiti za wanafunzi wa vyuo. Kwenye ya tatu wanakaa wateja wenyewe, wengi wao vijana wanaojaza maombi ya kazi serikalini au ya mikopo ya elimu ya juu. Chumba ni chembamba, mashine ya fotokopi imechukua nusu ya meza, na nyaya zimetuzidi. Waya wa kipanya changu umekatikia ndani pale unapojikunja, kiasi kwamba lazima niulaze upande mmoja ndipo kishale kitembee kwenye skrini.

Mwaka jana nilijaribu seti moja isiyo na waya, ya bei ndogo kuliko zote dukani na ya jina ambalo sikuwahi kulisikia. Miezi minne ya kwanza niliifurahia. Kisha herufi zikaanza kuruka: ninachapa "mkurugenzi" na skrini inaonyesha "mkrugezi", jambo ambalo katika barua ya mteja ni aibu. Nilibadilisha betri, ikatulia siku chache, tatizo likarudi. Mwishowe tulipohamisha meza, kile kidude cha USB kinachopokea mawimbi kikapotea, na tangu hapo kibodi na kipanya vimekaa kabatini vikiwa vizima lakini havina kazi.

Sasa nina fedha ya kununua seti tatu kwa pamoja, na sitaki kurudia kosa. Nitazame nini ninapochagua? Na seti tatu zinazofanana zikiwa katika chumba kimoja, haitatokea kwamba msaidizi wangu anachapa na maneno yakatokea kwenye kompyuta yangu?

Fundi wa Kompyuta, Mombasa

Ndugu yangu, kabla hujanunua chochote, kitoe kile kipanya kabatini, kigeuze na ufungue kifuniko cha betri. Vipanya vingi vina kijishimo kando ya betri kilichotengenezwa makusudi ili kipokezi kihifadhiwe humo wakati wa kusafiri, na si mara moja wala mbili nimeletewa seti ambayo kipokezi chake "kimepotea" nikakikuta humo humo.

Ikiwa hakimo, basi umejifunza kwa gharama jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi. Kibodi ya bei ndogo huunganishwa na kipokezi chake kiwandani, na kipokezi hicho kikipotea hutapata dukani kingine kitakachoitambua. Kwa hiyo swali lako la kwanza lisiwe bei wala rangi, bali kama kipokezi kinaweza kununuliwa peke yake. Kampuni ya Logitech, kwa mfano, ilitoa mwaka 2009 kipokezi kinachoitwa Unifying, chenye alama ndogo ya rangi ya machungwa, ambacho kimoja hubeba hadi vifaa 6, na mwaka 2021 ikaleta kingine kinachoitwa Logi Bolt. Vyote viwili huuzwa pasipo seti, na kibodi ya aina inayohusika huunganishwa upya kwa programu ya kampuni. Angalia tu kwamba kifaa cha Bolt hakielewani na kipokezi cha Unifying, na kwamba si kila seti ya kampuni hiyo hutumia kimojawapo kati ya hivyo. Zile za bei ya chini mara nyingi huja na kipokezi cha kawaida, kwa hiyo soma boksi usiridhike na jina.

Wasiwasi wa maneno kutokea kwenye kompyuta ya jirani uondoe. Kila kibodi ina utambulisho wake, na kipokezi hakisikilizi kibodi kisiyoijua hata zikiwa kumi chumbani. Tatizo linalotokea kweli ni la mikono: siku ya usafi vipokezi vinachomolewa, vinarudishwa ovyo, na asubuhi yake kila mtu anadhani kibodi yake imekufa. Nunua chupa tatu za rangi ya kucha za rangi tofauti, utie tone moja kwenye kipokezi, jingine chini ya kibodi na jingine chini ya kipanya cha seti hiyo hiyo.

Kuhusu herufi kuruka, naomba uniambie kipokezi ulikuwa umekichomeka wapi. Seti hizi hutumia masafa ya gigahezi 2.4, ambayo Wi-Fi na Bluetooth nazo huyatumia, lakini msumbufu ninayekutana naye zaidi ni tundu la USB 3.0, lile ambalo mara nyingi ndani yake ni la buluu. Mwaka 2012 kampuni ya Intel ilieleza katika waraka wake kwamba mawasiliano ya USB 3.0 hutoa kelele ya redio inayoangukia katika masafa hayo hayo. Ukichomeka flashi au diski ya nje kando ya kipokezi, kipokezi kinakuwa kama mtu anayejaribu kusikia mnong'ono karibu na mashine ya kusaga nafaka. Betri ikiwa mpya mnong'ono unasikika kidogo, na ndiyo maana ulipobadilisha betri ukapata nafuu ya siku chache. Tafuta waya mfupi wa kuongezea wa USB, uuchomeke katika tundu la USB 2.0, lile lisilo la buluu, na ukilete kipokezi juu ya meza, hatua moja kutoka kwenye kibodi. Sanduku la kompyuta ni la chuma. Kipokezi kikikaa nyuma yake na sanduku lenyewe likiwa chini ya meza, unakuwa umekificha.

Mwalimu wa TEHAMA, Dar es Salaam

Naunga mkono yote aliyoyasema fundi, lakini naomba kompyuta ya tatu, ile ya wateja, tuitazame kwa jicho jingine.

Mwaka 2016 watafiti wa kampuni ya usalama ya Bastille, ya Marekani, walionyesha kwamba kibodi zisizo na waya za watengenezaji 8, nyingi zikiwa za bei nafuu, zilikuwa zikirusha kila herufi hewani ikiwa wazi bila kufichwa kwa msimbo wowote. Mtu mwenye kifaa kinachofaa angeweza kusoma kila kinachochapwa akiwa umbali wa makumi ya mita, yaani akiwa amekaa upande wa pili wa barabara. Mapema mwaka huo huo walikuwa wameonyesha udhaifu mwingine, kwamba kupitia vipokezi vya baadhi ya vipanya mtu wa mbali angeweza kuingiza maandishi katika kompyuta kana kwamba ameketi mbele yake.

Sisemi kwamba kuna mtu Morogoro anayefanya hivyo. Ninachosema ni kwamba kijana anayekuja kwako anachapa namba yake ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, nywila ya barua pepe na taarifa za wazazi wake, naye amekuamini bila kujua kibodi yako inafanya nini. Hiyo ni amana. Kwenye kompyuta hiyo mimi ningeacha kibodi na kipanya vya waya, nikazipitisha nyaya nyuma ya meza na kuzifunga vizuri. Wateja huondoka na kipanya kidogo kwa bahati mbaya au kwa makusudi, na hilo nalo ni sababu.

Kwa zile mbili zenu, tafuteni boksi lililoandikwa kwamba mawasiliano ya kibodi yamesimbwa, yaani yamefichwa kwa msimbo, kwa njia inayoitwa AES ya biti 128. Kibodi ya Bluetooth inayozingatia viwango vya sasa nayo husimba, lakini kompyuta nyingi za mezani zilizotumika hazina Bluetooth ndani, na hata zikiwa nayo, kibodi ya namna hiyo kwa kawaida haifanyi kazi mpaka mfumo endeshi uwe umewaka. Siku utakapohitaji kuingia kwenye mipangilio ya awali ya kompyuta, au kuweka Windows upya, utakuwa unabonyeza bila jibu. Yenye kipokezi cha USB huonekana kwa kompyuta kama kibodi ya kawaida tangu inapowashwa. Hata hivyo kibodi moja ya waya isitupwe, ikae kabatini.

Mtafsiri, Bukavu

Nawasalimu kutoka Kivu. Naongeza jambo ambalo kwa mwandishi wa Kiswahili lina uzito kuliko anavyodhani muuzaji, nalo ni mpangilio wa herufi.

Huku kwetu kibodi nyingi zinazouzwa ni za mpangilio wa Kifaransa. Juu yake tarakimu zinahitaji kitufe cha Shift, na alama ya ritifaa, ile tunayoihitaji kwa "ng'ombe" na "ng'ambo", iko kwenye kitufe cha 4 badala ya kuwa karibu na Enter. Mtu aliyezoea mpangilio wa Kiingereza atapoteza wiki mbili. Hatari kubwa zaidi nimeiona kwenye kibodi za mitumba kutoka Ujerumani, ambazo Y na Z zimebadilishana mahali. Katika lugha nyingine kosa hilo linajionyesha mara moja. Katika Kiswahili "ya" inakuwa "za" na "za" inakuwa "ya", maneno yote mawili ni sahihi, na hakuna programu ya kusahihisha tahajia itakayolikamata. Niliwahi kupeleka tafsiri ya kurasa 12 ambayo viunganifu vyake vilikuwa vimepinduka, na mteja ndiye aliyeniambia.

Mpangilio unaweza kubadilishwa ndani ya kompyuta, lakini maandishi juu ya vitufe hayabadiliki. Mchapaji asiyetazama vitufe hatasumbuka. Mteja wako atasumbuka.

Katibu Muhtasi, Tanga

Kaka wa Morogoro, mimi niseme juu ya betri, kwa kuwa nimetumia seti ya namna hii ofisini kwa miaka sita.

Kibodi hula betri polepole sana, kwa sababu hulala kila unapoacha kuchapa. Kipanya hula haraka zaidi, kwani kihisi chake hupiga picha za meza mfululizo wakati wote kinaposogezwa. Zile betri za bei rahisi za zinki na kaboni, ambazo tunazitia kwenye redio, hazifai hapa. Nunua za alkali, usichanganye mpya na kuukuu, na kizime kipanya kwa swichi ya chini kila jioni. Za kuchaji pia zinafaa, ingawa zina volti 1.2 badala ya 1.5, kwa hiyo kiashiria cha chaji huweza kukudanganya kwamba zimekaribia kuisha.

Kabla ya likizo ndefu zitoe kabisa. Betri ya alkali iliyosahaulika huvuja, na kwenye hewa ya pwani vile vibati vya kugusia betri hugeuka kijani upesi. Ikitokea, chovya pamba katika siki au maji ya ndimu, usugue taratibu, ukaushe vizuri kabla ya kurudisha betri. Na kama meza yako ina kioo juu, tandika hata karatasi ngumu chini ya kipanya, maana vipanya vingi havioni kitu juu ya kioo kitupu.

Mwenye Steshenari, Morogoro

Nawashukuru sana, na nina habari. Nilifungua kipanya kile kabatini jana jioni, na kipokezi kilikuwa humo. Msaidizi wangu alikiweka siku ya kuhamisha meza ili kisipotee, akasahau kuniambia. Betri yake ya alkali ilikuwa imevuja. Nimesafisha kwa ndimu kama alivyoelekeza dada wa Tanga, nikaacha wazi usiku kucha, na asubuhi kimewaka.

Fundi, kipokezi nilikuwa nikikichomeka mbele, kwenye tundu la buluu, pembeni kabisa ya pale wateja wanapochomeka flashi zao. Leo nimekihamishia kwenye waya wa kuongezea uliotokea tundu la nyuma, lisilo la buluu, na nimechapa ripoti ya kurasa 30 huku flashi mbili zikiwa zimechomekwa. Hakuna herufi hata moja iliyoruka.

Kwa hiyo sitanunua seti tatu. Ile ya zamani sina hakika kama inasimba mawasiliano yake, kwa kuwa boksi lake halisemi lolote, nami sitaki ipite chini ya vidole vya wateja. Nitaitumia mwenyewe kwa barua za kawaida, na nywila zangu nitazichapa kwa kibodi ya waya. Msaidizi wangu nitamnunulia seti moja yenye kipokezi kinachouzwa peke yake. Kompyuta ya wateja itabaki na waya, na leo mchana tumeanza kuzipigilia nyaya zake nyuma ya meza. Bado naomba kujua: nikiwa dukani, nitaijaribuje seti kabla ya kulipa?

Fundi wa Kompyuta, Mombasa

Nimefurahi kusikia. Nenda na kompyuta mpakato. Chomeka kipokezi, fungua ukurasa mtupu, ubonyeze kila kitufe kimoja kimoja, hata vile usivyovitumia, kisha shika Shift pamoja na herufi za pembeni zote. Bofya kipanya polepole mara ishirini. Kikibofya mara mbili pale ulipobofya mara moja, swichi yake ni mbovu na itazidi kuwa mbovu. Mwisho sogea mita tatu ukiwa na kibodi mkononi, uchape sentensi moja ndefu, na muuzaji akusomee kilichotokea kwenye skrini.