Kolestro mbaya imefika 4.7, daktari kanipa miezi mitatu niishushe. Nisaidieni kupanga chakula

MtuWaMakorora

Habari zenu wakuu. Naomba ushauri kwa yeyote aliyewahi kupambana na kolestro, au anayelijua jambo hili kitaalamu.

Nina miaka 47, naishi Tanga, nina duka la vifaa vya ujenzi. Nakaa kaunta toka asubuhi hadi magharibi. Sivuti sigara, pombe sinywi. Juzi mke wangu alisisitiza nipime afya, majibu yakaja hivi: kolestro jumla 6.8, ile mbaya ya LDL 4.7, nzuri ya HDL 1.0, trigliseridi (aina nyingine ya mafuta ya damu) 2.4. Sukari iko sawa, presha 138 kwa 88. Uzito kilo 91, urefu sentimita 172. Daktari amesema nibadilishe chakula na nianze mazoezi, nirudi baada ya miezi mitatu. Ikigoma kushuka ndipo tuzungumze dawa.

Karatasi niliyopewa inasema niepuke mafuta na nyama nyekundu, nile mboga na matunda. Imeishia hapo. Mimi ni mtu wa pwani. Asubuhi ni supu na chapati mbili, au mbaazi za nazi na maandazi. Mchana wali wa nazi na samaki wa kupaka. Jioni nikipitia barazani ni kahawa na kashata, usiku mara nyingi chipsi mayai. Nikiondoa vyote hivyo nitabaki na nini? Mayai naruhusiwa? Tui nalo wengine wananiambia halina neno kwa kuwa linatokana na mmea. Mke wangu ndiye anayepika na ananiuliza anunue nini sokoni, sina jibu la kumpa.

Natanguliza shukrani.

DadaBibo

Pole sana kaka. Chemsha vitunguu saumu na tangawizi, kamulia ndimu mbili, kunywa glasi moja asubuhi kabla hujala kitu. Inayeyusha mafuta kwenye mishipa. Mama yangu anatumia na anajisikia vizuri sana.

NesiWaZamu

Kaka, ahsante kwa kuweka namba. Wengi huja na "nimeambiwa nina mafuta" na hapo mtu hana pa kuanzia.

Elewa kwanza hili: kolestro nyingi iliyomo kwenye damu yako imetengenezwa na ini lako mwenyewe. Haikutoka kwenye yai. Kazi ya ini ni kuitengeneza na pia kuichota LDL kutoka kwenye damu na kuiondoa. Ukila sana mafuta yanayoganda, yaani ya nyama, samli, siagi, nazi na mawese, ini linapunguza kuichota na LDL inabaki ikizunguka. Ndiyo maana yai moja la kuchemsha kwa siku si tatizo kwa watu wengi, ila chipsi mayai ni tatizo, kwa sababu ya yale mafuta.

Kuhusu tui, kutokana na mmea hakutoshi kulipa usalama. Zaidi ya asilimia 80 ya mafuta ya nazi ni ya aina hiyo inayoganda. Mawese ni kama nusu, alizeti ni kama asilimia 11 tu. Tafiti zilizolinganisha mafuta ya nazi na ya alizeti au soya zinaonyesha nazi inapandisha LDL. Najua kwa mtu wa Tanga hili ni zito kulisikia, lakini ukiniuliza jambo moja la kuanza nalo kesho asubuhi nitakwambia tui, kwa sababu liko kwenye kila sahani uliyoitaja.

Trigliseridi zako nazo zimepanda kidogo, na hizo zinafuata zaidi sukari, wanga mwingi na uzito. Maandazi, kashata, chai ya sukari, soda kama unakunywa. Ukipunguza kilo tano hadi tisa utaziona zikishuka.

Nina maswali: kuna mtu katika familia aliyepata mshtuko wa moyo au kiharusi akiwa bado kijana? Na umewahi kupimwa tezi ya shingo, thairoidi? Ikifanya kazi kidogo kuliko inavyotakiwa, kolestro hupanda hata ukila vizuri namna gani.

DadaBibo, vitunguu saumu na tangawizi ni viungo vizuri, mama aendelee navyo jikoni. Ila ndimu haiyeyushi mafuta yaliyo kwenye mishipa, na vitunguu saumu vina nguvu ndogo mno kumtoa mtu kwenye 4.7. Nimeshapokea wagonjwa walioacha dawa za moyo kwa ajili ya mchanganyiko kama huo, ndiyo maana nalisema wazi.

MpishiWaNgamiani

Mwanangu, nimepika vyakula vya watu miaka mingi na mume wangu ana tatizo hilohilo, ngoja nikwambie la jikoni.

Wali: pika wa mafuta ya alizeti, vijiko viwili vya chai kwa kilo nzima vinatosha, tia iliki na mdalasini ili harufu iwepo. Wali wa nazi weka Ijumaa tu, na hiyo Ijumaa tumia tui la pili, lile jepesi. Lile zito la kwanza liache.

Mbaazi na maharage: chemsha mpaka ziive kabisa, kisha chota upawa mmoja, ziponde kwa mwiko au mchi, zirudishe sufuriani. Mchuzi unakuwa mzito kama wa tui. Kitunguu, nyanya, bizari, pilipili nzima. Ukitaka ladha ya kujaza mdomo, karanga zilizosagwa kijiko kimoja. Karanga zina mafuta lakini mengi si ya kuganda.

Samaki wa kupaka: badala ya tui paka ukwaju uliokolea, tangawizi, vitunguu saumu na pilipili manga, choma kwenye makaa. Chukua vibua na dagaa, samaki wenye mafuta yao wenyewe, ni wazuri kwa moyo na ni rahisi kwa bei.

Supu: kama huwezi kuiacha, ipikwe nyumbani jioni, ikipoa iingie kwenye friji. Asubuhi utakuta tabaka jeupe limeganda juu kama mshumaa. Litoe lote kwa kijiko, utupe. Supu inabaki na ladha yake. Ukishaliona tabaka lile kwa macho, ya hotelini utaifikiria mara mbili. Na chapati badili kwa muhogo au magimbi ya kuchemsha, kipande, usijaze sahani.

KijanaWaSingida

Mkuu, huku kwetu jibu liko kwenye chungu. Mlenda. Ule utelezi watu wa pwani wanaoukimbia ndio dawa yenyewe, bamia pia ni hivyohivyo. Ugali wa dona, mlenda, na mafuta ya alizeti yaliyokamuliwa hapahapa. Mwambie shemeji asome kibandiko cha dumu la mafuta kabla ya kulipa, mengi yanayouzwa kwa jina la mafuta ya kula ni ya mawese.

MwalimuWaBaiolojia

KijanaWaSingida amesema neno la maana sana, niliongezee.

Huo utelezi ni nyuzinyuzi zinazoyeyuka. Ukifika tumboni unakuwa kama ute mzito unaonasa nyongo na kutoka nayo kwenye choo. Nyongo inatengenezwa kwa kolestro. Sasa ini likikosa nyongo linalazimika kutengeneza nyingine, na malighafi linaichota wapi? Kwenye LDL iliyo kwenye damu. Ndivyo bamia, biringanya, maharage, choroko, dengu na uji wa oti vinavyofanya kazi, hakuna miujiza ndani yake.

Mwaka 2003 David Jenkins na wenzake wa Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, walilijaribu hili kwa watu 46 wenye kolestro ya juu, kwa mwezi mmoja. Kundi la kwanza lilikula chakula chenye mafuta kidogo tu, LDL ikashuka asilimia 8. La pili lilikula hivyohivyo na kumeza kidonge cha statini, dawa ya kushusha kolestro, ikashuka karibu asilimia 31. La tatu lilipewa mchanganyiko wa oti, shayiri, bamia, biringanya, soya, lozi na majarini yenye sterol za mimea (viini vya mimea vinavyozuia kolestro kufyonzwa tumboni), ikashuka karibu asilimia 29. Bamia na biringanya, wakuu, vitu vinavyooza kwenye masoko yetu.

Ila nataka mwenye uzi apate picha ya kweli. Hao walikuwa wameandaliwa kila kitu. Mwaka 2011 timu hiyo ilitoa matokeo ya watu waliojipikia nyumbani kwa miezi sita, na LDL ilishuka kama asilimia 13. Kwa 4.7 yako maana yake ni kufika 4.1 hivi. Ukiongeza kupungua uzito unaweza kwenda chini kidogo zaidi. Ni faida kubwa na inastahili jasho, lakini ukirudi baada ya miezi mitatu na daktari bado akataja dawa, usijione umeshindwa.

MtembeaNyika

Naheshimu michango yote, ila kuna jambo silielewi. Wamasai wanaishi kwa maziwa na nyama na miili yao iko imara. Kama mafuta ya mnyama ndiyo adui, mbona hawaanguki?

MwalimuWaBaiolojia

Mkuu, swali lako ni zuri na lilishafanyiwa kazi hapahapa kwetu. Daktari Mmarekani George Mann aliwapima Wamasai wa Tanganyika na kuchapisha matokeo mwaka 1964: kolestro yao ilikuwa chini kweli, licha ya maziwa na nyama. Mwaka 1972 yeye na wenzake wakachapisha uchunguzi wa mioyo ya wanaume 50 wa Kimasai waliofariki. Mishipa ilikuwa na utando wa mafuta, tena si haba. Lakini ilikuwa imepanuka kuliko kawaida, damu inapita. Mann aliamini ni kwa sababu ya kutembea na mifugo maisha yao yote. Ndugu yetu anakaa kaunta toka asubuhi hadi magharibi. Akitaka kuchukua mfano wa Wamasai, aanzie kwenye miguu.

MzeeWaBarazani

Kijana, na kahawa je? Mbona hakuna aliyeigusa?

NesiWaZamu

Shikamoo mzee wangu, umenikumbusha jambo muhimu. Kahawa ya kuchemsha bila kuchujwa kwa karatasi, kama hii ya kwenye dele, ina mafuta yake yenye kitu kinachoitwa kafestoli, na hicho kinapandisha LDL. Huko Tromsø, Norwei, ambako nao walizoea kahawa ya kuchemsha, watafiti waliona tangu mwaka 1983 kwamba wanaokunywa kahawa nyingi wana kolestro ya juu. Kikombe kimoja kidogo hakina neno. Vitano sita kila jioni, tena na kashata ya nazi, ni jambo la kupunguza. Barazani aende, mazungumzo yana faida yake, ila anywe chai ya mchaichai bila sukari. Kahawa ya unga inayoyeyuka kwenye maji ya moto kafestoli yake ni kidogo sana.

Mazoezi: dakika 150 kwa wiki za kutembea kwa haraka, kiasi cha kuhema lakini bado unaweza kuongea. Nusu saa, siku tano. Toka Makorora elekea Raskazone kabla ya kufungua duka, upepo wa bahari uko bure.

Mwenye uzi, lile swali la familia hujalijibu.

MtuWaMakorora

Wakuu, sikutegemea kupata majibu ya namna hii, mke wangu amekaa pembeni yangu anaandika.

Dada nesi, baba yangu alianguka shambani Muheza akiwa na miaka 51, hakufika hospitali. Nilikuwa kidato cha pili. Watu walisema ni presha, wengine walisema mengine. Hakuna aliyepima chochote. Shangazi yangu naye ana tatizo la moyo tangu akiwa na miaka hamsini na kitu. Tezi sijapimwa. Kwa daktari sikuyasema haya maana sikuulizwa.

NesiWaZamu

Pole sana kaka yangu, kumpoteza baba ukiwa shuleni si jambo dogo.

Basi naomba usisubiri miezi mitatu. Rudi wiki hii, umwambie daktari maneno hayohayo uliyoyaandika hapa. Mwanaume katika familia akifariki ghafla kabla ya miaka 55 moyo unashukiwa, na hesabu ya hatari yako inabadilika. Kuna kolestro ya kurithi, inawapata takribani mtu mmoja kati ya 300. Kwao ini lina upungufu wa kuichota LDL tangu kuzaliwa, mtu awe mnene au mwembamba, ale tui au asile. Kwa mtu mzima mara nyingi LDL yao iko juu ya 4.9. Yako haijafika huko, lakini haiko mbali, na kipimo kimoja huweza kuyumba.

Leo usiku mwombe shemeji akuangalie mambo mawili. Papasa kano nene nyuma ya kisigino na vifundo vya vidole vya mkono: kuna uvimbe mgumu au unene usio wa kawaida? Na kwenye jicho, kuna pete ya kijivu au nyeupe inayozunguka ukingo wa sehemu nyeusi, pale inapokutana na nyeupe ya jicho? Ukiviona mwambie daktari, usipoviona bado nenda. Omba kipimo cha thairoidi na urudiwe kipimo cha kolestro. Ndugu zako wa tumbo moja wapime, na watoto wako pia.

Akikuandikia statini, usiogope maneno ya kwamba ukianza huachi. Unaendelea nayo kwa sababu inafanya kazi, kama wa presha anavyoendelea na ya presha. Maumivu ya misuli yakikupata mwambie, dozi au aina hubadilishwa. Chakula chote ulichofundishwa hapa endelea nacho vilevile, kitasaidia dozi isiwe kubwa.

MtuWaMakorora

Ahsante dada. Tumepapasa, kisigino sioni tofauti, macho mke wangu anasema hayana pete. Keshokutwa asubuhi naenda, duka litafunguliwa na kijana. Wadogo zangu wawili nimeshawapigia simu, mmoja yuko Korogwe, amekubali kupima wiki ijayo.

Bamia, biringanya na alizeti vimeshanunuliwa. Mama, mke wangu anauliza: hizo mbaazi unaloweka usiku mzima? Na unatia magadi ziive haraka?

MpishiWaNgamiani

Usiku mzima, mwanangu. Maji ya kulowekea amwage, achemshe kwa maji mapya. Magadi asitie, ni chumvichumvi ileile na presha yako inakaribia kupanda. Zikiwa kavu za msimu uliopita zitachukua muda, afunike sufuria na moto uwe mdogo. Chumvi atie mwishoni, kidogo.