Ulinganisho: Biblia kama kozi ya lazima, au imani ndani ya somo lenyewe?

Mzazi_Dodoma
Bwana Yesu asifiwe, wakuu. Binti yangu amemaliza kidato cha sita, anataka uhasibu. Tumebaki na UCU (Chuo Kikuu cha Kikristo cha Uganda) Mukono, Baraton ya Kenya na SAUT (Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino) Mwanza. Vyote ni vya kanisa. Ninachotaka kujua: imani inakutana wapi na masomo, ibadani, bwenini au darasani?

Mhitimu_Mukono
Shikamoo mzazi. UCU ilianza 1997, ikatokana na chuo cha theolojia cha Bishop Tucker. Kwa miaka mingi hata wa sheria amesoma kozi za msingi: Agano la Kale, Agano Jipya, mitazamo ya ulimwengu, maadili. Mimi zilinijenga sana. Hakuna anayehitimu bila kuifungua Biblia.

Nandi_Juu
Baraton ni ya Waadventista, chuo kikuu binafsi cha kwanza Kenya kupewa hati ya serikali, 1991. Pale imani ni ratiba ya maisha: jua likizama Ijumaa, masomo yanasimama mpaka Jumamosi jioni. Binti ajue hilo mapema.

Mwl_Ukaguzi
Mzazi, nafundisha ukaguzi wa hesabu katika chuo cha kanisa, na kwangu swali lako linajibiwa darasani. Debiti na krediti hazigeuki za Kikristo kwa sababu tumeanza na sala, na anayelazimisha aya kila mada anaharibu vyote viwili, somo na imani. Lakini kuna mahali somo lenyewe linauliza. Mkaguzi analipwa na kampuni ileile anayoikagua. Kanuni za taaluma zinamtaka awe mwadilifu na asipendelee; mwanafunzi anazijua kwa mtihani wa NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi Tanzania. Sasa bosi akimwambia asaini, atazishika kwa nguvu gani? Hapo ndipo tunafungua Walawi 19, mizani na vipimo vya haki. Wanafunzi Waislamu huleta Suratul Mutaffifin, inayowaonya wanaopunja vipimo, na mjadala unakolea. Nasahihisha hoja, sipimi uchaji wa mtu.

Mama_Nyegezi
Mwalimu, umesema kweli, ila wangapi wanafundisha hivyo? Walimu wa muda wanakimbia vyuo vitatu kwa wiki. Kozi ya lazima angalau ipo kwenye ratiba, haitegemei moyo wa mtu. SAUT ni ya maaskofu Wakatoliki, chuo kikuu tangu 1998. Papa Yohane Paulo II katika katiba yake ya 1990 kuhusu vyuo vikuu vya Kikatoliki alitaka walimu wasio Wakatoliki wasiwe wengi, huku dhamiri ya kila mtu ikiheshimiwa. Alijua mambo yanaanzia kwa mwalimu.

Mwl_Ukaguzi
Mama, hapo nakubali. Kozi ya lazima ibaki, hasa pale walimu wa kudumu ni wachache. Ninachokataa ni mkuu wa idara kuona kazi imekwisha kwa sababu kasisi ana kipindi chake. Mzazi, omba muhtasari wa kozi ya ukaguzi na uulize nani anaifundisha.

Mzazi_Dodoma
Asanteni sana. Naandika barua kwa vyuo vyote vitatu kesho.