Nimepunguzwa kazini na nimebakiwa na vikao vinne vya kocha wa kazi. Nivitumieje?

Takwimu_Ziwa

Wakuu, habari za jioni. Nina miaka 38, nina mke na watoto watatu, naishi Mwanza. Kwa miaka saba nimekuwa afisa ufuatiliaji na tathmini kwenye mradi wa afya huku Kanda ya Ziwa. Ufadhili wa Marekani uliposimamishwa mwanzoni mwa 2025, mradi ulisuasua kwa miezi kadhaa, kisha barua zikatoka. Tuliondoka siku moja, kuanzia dereva hadi meneja.

Mwajiri, mbali na stahiki zetu, alimlipia kila mtu vikao sita vya saa moja moja na kocha wa kazi, kwa simu ya video. Nashukuru, maana najua wengi hawapati hata hicho. Ila vikao viwili vimeshakwisha na sioni nilichovuna. Cha kwanza nilikimaliza chote nikisimulia namna tulivyoondoka. Dada wa watu alinisikiliza kwa uvumilivu, nikapata nafuu ya moyo, lakini mkononi sikutoka na kitu. Cha pili tulipitia CV. Yeye anarekebisha, mimi naitikia "sawa, sawa", saa ikaisha.

Nimeshatuma maombi 31. Nimeitwa usaili mmoja tu, na waliponiuliza kwa nini niliacha kazi nikaongea karibu dakika tano, hadi mmoja wao akafunga daftari.

Vimebaki vinne, na kodi ya nyumba inaisha mwezi ujao. Waliowahi kupitia huduma hii, ninyi mlivitumiaje?

MamaWawili

Pole sana kaka yangu. Mimi nilipunguzwa benki mwaka 2019, nikapewa vikao vinne. Cha kwanza nililia mwanzo mwisho, kwa hiyo usijilaumu kwa hicho cha kwako. Ulikuwa kwenye msiba, na msiba lazima ukae.

Mambo yalibadilika nilipoanza kumtumia kocha kitu siku mbili kabla ya kikao. Nilikuwa namtumia tangazo moja la kazi ninayoitaka kweli, barua niliyoiandika kwa ajili ya tangazo hilo, na swali moja. Ukimwambia "naomba uniangalizie CV" utarudishiwa CV iliyopangwa vizuri, basi. Mimi niliuliza hivi: "Hawa wanataka afisa mikopo, nami nimekaa dirishani miaka tisa. Ni kipi katika kazi yangu kinachofanana na hicho?" Saa nzima ikaishia hapo, na nilitoka na barua ambayo mpaka leo naijua kwa moyo.

Halafu kalamu ishike wewe. Akitaka kukurekebishia sentensi, mwombe akueleze kasoro, kisha iandike mwenyewe huku anakusikiliza. Kwenye chumba cha usaili unaingia peke yako.

Kichuguu

Mkuu, mimi nakwambia ninachokiamini. Kocha hana ajira mfukoni. Kwetu kazi zinapatikana kwa kujuana. Mimi nilikaa miezi kumi na moja nyumbani, na aliyenitoa ni mtu niliyesoma naye sekondari. Hayo mazoezi ya karatasi hayakunisaidia chochote.

Mshauri_Arusha

Hii ndiyo kazi yangu ya kila siku, kwa hiyo niruhusuni nieleze kidogo.

Kichuguu amesema jambo la kweli, na kwa sababu hiyo kikao chako cha tatu kiwe cha watu. Kabla yake, kaa chini uandike majina ya wote walioiona kazi yako kwa macho yao: waganga wakuu wa wilaya, waratibu wa MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya), wahasibu wa halmashauri, wenzako wa miradi mingine mliokuwa mnakutana kwenye vikao vya mkoa. Watu wanaona aibu kwenye hatua hii. Wanahisi wanakwenda kuombaomba. Usimwombe mtu kazi. Mwombe dakika kumi na tano akueleze ofisini kwake wanakwama wapi kwenye takwimu. Mpangie kocha wako majina kumi ya juu, muandike pamoja ujumbe wa kwanza, na uutume kabla hujakata simu. Nasisitiza hilo la mwisho, maana nimewaona wengi wanaondoka na ujumbe mzuri ambao haukutumwa kamwe.

Kikao cha nne kiwe cha lile swali lililokuvuruga. Jibu lako lisizidi sentensi tatu. Washa kinasa sauti cha simu useme: "Mradi ulifungwa ufadhili uliposimama, na nafasi zote ziliondolewa. Kwa miaka saba nilisimamia takwimu za vituo kadhaa vya afya" (hapo taja idadi), "na nimeomba nafasi hii kwa sababu…" Malizia, unyamaze. Jisikilize. Sauti ikianza kupanda ukifika kwenye neno "ulifungwa", rudia. Mteja wangu mmoja alirudia mara kumi na nne ndani ya kikao kimoja, na sikumwambia lingine lolote.

CV nayo ina ugonjwa ambao watu wa miradi karibu wote wanao. Wanaandika "Nilihusika katika ukusanyaji wa takwimu". Ulihusika vipi? Kwenye vituo vingapi? Ripoti zilikuwa zinachelewa, zikaacha kuchelewa? Mwajiri anayesoma "nilihusika" haoni mtu.

Rasilimaliwatu_Dom

Naongeza la pembeni, ili usiende kumuuliza kocha mambo yasiyo yake.

Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kiinua mgongo ni mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka kumi. Cheti cha utumishi ni haki yako, kidai. Kama ulikuwa na mkataba wa muda maalumu uliokatishwa katikati, mwonyeshe mwanasheria, maana hesabu yake ni nyingine. Ukiona kuachishwa kwenu hakukufuata utaratibu, lalamiko linapelekwa CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndani ya siku 30, na madai mengine ndani ya siku 60. Watu wengi hufika pale muda umeshapita.

Pia nenda NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ukaulizie fao la upotevu wa ajira. Mwenye michango isiyopungua miezi 18 hulipwa asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita. Hiyo kodi inayokunyima usingizi ianzie huko. Na jisajili mapema TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira, nao huwaandaa watafuta kazi, usisubiri vikao vyako viishe.

Takwimu_Ziwa

Narudi na mrejesho. Asanteni sana, nimesoma kila mchango zaidi ya mara moja.

Jana ilikuwa kikao cha tatu. Nilituma orodha Jumatatu, majina 26. Sikujua kama nina watu 26. Kocha akaniuliza ni nani katika hao aliyewahi kunipigia simu nje ya muda wa kazi kwa sababu alihitaji msaada wangu. Nikakaa kimya, kisha nikamkumbuka mratibu mmoja wa MTUHA, ambaye usiku wa kufunga robo mwaka tulikesha tukilinganisha rejesta na takwimu zilizoko kwenye DHIS2, ule mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya. Nikaandika ujumbe, nikaufuta, nikaandika tena. Dada wa watu alisubiri bila kusema neno. Nikautuma saa sita na dakika kumi. Kufika saa tisa alikuwa ameshanipigia: kuna shirika linataka mtu wa kuwafundisha wahudumu wa vituo, kazi ya miezi mitatu. Wananisaili Jumatano.

Ule mstari wa CV sasa unasomeka hivi: "Nilisimamia takwimu za vituo 46 katika halmashauri tatu, vituo vilivyokuwa vikichelewesha ripoti vilipungua kutoka 19 hadi vinne." Namba zilikuwepo kwenye daftari langu miaka yote hiyo.

NSSF nakwenda kesho asubuhi. Kikao cha nne kiko Jumanne, nacho ni cha lile swali. Ila ningependa kufanya zoezi mara moja na mtu nisiyemjua, uso kwa uso. Kuna aliyeko Mwanza?

Mama_Nyamanoro

Nipo. Nimekaa kwenye kamati za usaili miaka mingi. Jumatatu saa kumi na moja jioni, njoo na tangazo la kazi na hilo daftari. Niandikie faragha nikuelekeze.