Maonyesho ya klabu ya Historia: alama za nchi za kikomunisti na uhalali wa utawala. Nichague bendera zipi?

Mwl_Uyole (Mbeya)

Habari za humu wakuu. Nafundisha Historia kidato cha tano na sita hapa Mbeya. Klabu yetu inaandaa maonyesho ya ukuta mmoja juu ya alama za kisiasa katika nchi zilizotawaliwa na vyama vya kikomunisti: bendera, nembo, nyimbo za taifa, sanamu, na yaliyozipata kuanzia 1989. Tuna nafasi ya bendera kumi tu. Tutazishona kwa vitambaa vya Mwanjelwa na maelezo yataandikwa kwenye karatasi za manila.

Picha si tatizo, wanafunzi wamekusanya nyingi. Tatizo ni kwamba ukiwauliza zinasema nini, unajibiwa kuwa nyekundu ni damu, nyota ni chama, basi. Nataka waone uhusiano wa alama na uhalali: mtawala anadai mamlaka yake yametoka wapi, na wananchi wanamkubalia hadi wapi. Naomba mnisaidie kuchagua, mnionye makosa ya uchoraji, na mniambie nijibuje kuhusu jembe na nyundo la kwetu. Wazazi watakuwepo na swali hilo lazima liulizwe.

Maktaba_Mafinga

Mwalimu, usianze na bendera nzima. Anza na bendera yenye tundu.

Tarehe 23 Oktoba 1956, waandamanaji wa Budapest walichukua bendera ya Hungaria, ile ya milia mitatu, nyekundu, nyeupe na kijani, wakakata nembo iliyokuwa katikati. Nembo hiyo ilikuwa na nyundo, suke la ngano na nyota nyekundu, na iliwekwa mwaka 1949 kwa kuiga mtindo wa Moscow. Desemba 1989 Waromania wakafanya vilevile: bluu, njano na nyekundu zikabaki, nembo ya chama ikatolewa kwa mkasi. Mwaka huohuo Ujerumani Mashariki nako watu walikata nyundo, bikari na masuke kwenye bendera zao, na kilichobaki mkononi kilikuwa bendera ileile ya Ujerumani Magharibi, kwa sababu nchi hizo mbili zilitumia rangi zilezile na Mashariki waliongeza nembo yao Oktoba 1959 tu.

Tundu linawafundisha wanafunzi kitu ambacho bendera nzima haiwezi. Aliyekata hakuchoma bendera yote. Alitenganisha taifa na chama, akasema hili ni letu na hili limebandikwa. Uhalali wa taifa ulikuwa hai, wa chama ulikuwa umekwisha. Linganisha na Poland na Chekoslovakia, ambako bendera haikuwekwa alama yoyote ya chama: huko hapakuwa na cha kukata. Ubishi wa Poland ulikuwa juu ya tai wa nembo, aliyevuliwa taji na utawala wa kikomunisti na kurudishiwa kati ya Desemba 1989 na Februari 1990. Wacheki, walipoachana na Waslovakia mwaka 1993, waliendelea na bendera ileile ya zamani.

Kwa hiyo kila bendera ukutani iulizwe hivi: alama ya chama imekaa wapi? Imeshonwa ndani ya alama ya taifa, imesimama pembeni, au haipo? China ni mfano mzuri wa kuwachanganya wanafunzi kwa faida. Bendera yake ya 1949 haina nyundo wala mundu. Vyote viwili vipo kwenye bendera ya chama. Hata hivyo ile nyota kubwa ndiyo chama, na zile nne ndogo ni matabaka manne yaliyotajwa wakati ule: wafanyakazi, wakulima, mabepari wadogo wa mjini na mabepari wazalendo. Zote nne zinaigeukia ile kubwa. Dai la uhalali limechorwa kwa pembe za nyota.

Na Cuba usiiache. Ina utawala wa kikomunisti, lakini bendera ya taifa ni ya jamhuri ya 1902. Mapinduzi ya 1959 hayakuigusa, kwa maana wenyewe walidai kuwa ndio warithi wa kweli wa vita vya uhuru dhidi ya Hispania. Kuiacha bendera nako ni dai.

Fundi_Vibao (Makambako)

Mimi nijibu la uchoraji tu. Fanya bendera zote ziwe na kimo kimoja, sentimita 60, urefu uufuate uwiano wa kila nchi: China na Romania 90, Ujerumani Mashariki 100, Muungano wa Kisovieti 120. Ukilazimisha zote ziwe 90, ya Kisovieti inakuwa nene na nembo yake inakaa vibaya.

China, kwa 60 kwa 90. Chukua robo ya juu upande wa mlingoti, yaani 45 kwa 30, igawe visanduku vya sentimita 3: utapata 15 kwenda kulia na 10 kushuka. Kitovu cha nyota kubwa ni sentimita 15 kutoka mlingotini na 15 kutoka juu, duara lake nusukipenyo sentimita 9. Vitovu vya ndogo, kwanza kulia kisha kushuka: 30 na 6, 36 na 12, 36 na 21, 30 na 27. Nusukipenyo sentimita 3. Kosa la karibu kila mtu ni kuzisimamisha zile ndogo wima. Haziko wima. Chora mstari hafifu kutoka kitovu cha nyota ndogo hadi kitovu cha kubwa. Ncha ya kwanza inakaa pale mstari unapokata duara dogo.

Huna kipimapembe? Zidisha nusukipenyo kwa 1.176, ufungue bikari kwa kipimo hicho, utembee mara tano kuzunguka duara. Kwa sentimita 9 fungua 10.6, kwa 3 fungua 3.5. Ukifika mara ya tano usipokutana na ulikoanzia, bikari imelegea. Usilazimishe, anza upya, kwa sababu kosa dogo linajikusanya lote kwenye ncha ya mwisho. Unganisha ncha kwa kuruka moja, usiunge jirani kwa jirani.

Kisovieti, 60 kwa 120: mstari wa katikati wa nembo uko sentimita 20 kutoka mlingotini. Nyota iko ndani ya duara la kipenyo 7.5, kitovu chake sentimita 7.5 kutoka juu. Chini yake chora mraba wa sentimita 15 unaogusa duara hilo. Ncha kali ya mundu inafika katikati ya ubavu wa juu wa mraba, na mipini ya nyundo na mundu inaishia kwenye pembe mbili za chini. Nyota ni nyekundu yenye ukingo wa dhahabu. Wengi huijaza njano yote, na hilo ni kosa.

Satini inateleza kwenye mkasi na nyuzi zinafumuka kwenye ncha za nyota. Chukua pamba, na nyota zishonwe. Gundi ya maji huacha madoa kwenye nyekundu.

Binti_Rungwe

Nakubaliana na kaka wa Mafinga kuhusu tundu, ila nina wasiwasi wanafunzi watatoka na hadithi iliyonyooka mno: chama kilibandikwa, watu wakakibandua, mambo yakaisha. Mwalimu, weka Belarus katikati ya ukuta ili iwasumbue.

Mwaka 1991 Belarus ilipokea bendera nyeupe, nyekundu, nyeupe. Mei 1995 Rais Lukashenko alipeleka suala hilo kwenye kura ya maoni, na kwa matokeo rasmi kama asilimia 75 wakakubali bendera iliyofanana sana na ile ya Belarus ilipokuwa jamhuri ya Kisovieti: nyekundu juu, kijani chini, na nakshi pembeni ya mlingoti. Nyundo, mundu na nyota viliondolewa. Angalia kilichofanyika hapo. Itikadi ilitolewa, kumbukumbu ikabaki: ajira, pensheni, ushindi wa 1945. Na ile nyeupe na nyekundu iliyotupwa ndiyo ikajaa barabarani mwaka 2020, watu walipokataa matokeo ya uchaguzi. Alama iliyofukuzwa serikalini ilipata kazi mpya mikononi mwa wapinzani.

Urusi ni ngumu zaidi, na ndiyo ninayoiona tajiri kuliko zote. Desemba 1991 bendera nyekundu ilishushwa Kremlin. Mwaka 1993 Yeltsin alirudisha tai wa vichwa viwili kwa amri ya rais, na bunge lenye wakomunisti wengi halikumpa sheria, hivyo nchi ikaishi miaka kadhaa na alama zisizo na sheria ya bunge, tena na wimbo wa taifa usio na maneno. Desemba 2000 likapita bungeni fungu moja la sheria: tai wa wafalme, bendera ya rangi tatu, na muziki wa wimbo wa Kisovieti. Kila upande ukapata chake.

Maneno ya wimbo huo wape wanafunzi kama kazi ya kikundi. Sergei Mikhalkov alishiriki kuandika ya 1944 yaliyomtaja Stalin. Kuanzia 1955 wimbo ukapigwa bila kuimbwa, kwa kuwa jina hilo lilikuwa haliwezi kutamkwa tena na jipya halijapatikana. Mwaka 1977 maneno yakarekebishwa, Stalin akatoka. Mwaka 2000 Mikhalkov yuleyule akaandika mengine, safari hii Mungu akatajwa. Muziki mmoja, mwandishi mmoja, vyanzo vitatu vya mamlaka.

Mkiweka nembo ya Kisovieti, waambie wahesabu maandishi kwenye utepe. Wito wa wafanyakazi wa dunia kuungana uliandikwa kwa lugha za jamhuri zote: kuanzia 1946 lugha ni 16, kuanzia 1956 ni 15, baada ya jamhuri ya Karelia na Finland kushushwa hadhi. Picha isiyo na tarehe mnaipa tarehe hapohapo.

Mwl_Uyole (Mbeya)

Asanteni sana. Dada wa Rungwe, Belarus imeingia. Fundi, nitawapa vipimo hivyo walimu wa Hisabati nao wavitumie. Bado Afrika, na bado jembe na nyundo.

Kihesa_Kilolo (Iringa)

Mwalimu, kwa Afrika chukua nne na uzipange mbilimbili, maana hapo ndipo wanafunzi wetu wataelewa haraka.

Jozi ya kwanza ni Benin na Kongo ya Brazzaville. Benin mwaka 1975 iliweka bendera ya kijani yenye nyota nyekundu, mwaka 1990 ikarudi kwenye ile ya 1959, lakini jina Benin, lililoletwa na utawala uleule wa kimapinduzi, likabaki. Kongo ilikuwa na bendera nyekundu yenye nyundo na jembe, jembe likichukua nafasi ya mundu. Mwaka 1991 nayo ikarudi ya 1959.

Jozi ya pili ni Angola na Msumbiji. Angola ina nusu gurudumu la meno, panga na nyota tangu 11 Novemba 1975. Msumbiji ina kitabu, jembe na bunduki ya AK-47. Umaksi uliwekwa kando katika nchi zote mbili, vyama vingi vikaja, Msumbiji mwaka 2005 ikaendesha hata shindano la kubuni bendera mpya, na za zamani zinapepea mpaka leo. Kwa nini hizi zilibaki na zile zikaondoka? Nionavyo, Benin na Kongo zilikuwa na bendera ya uhuru ya kurudia. Angola na Msumbiji, ukirudi nyuma ya bendera ya chama cha ukombozi, unakuta ya Ureno. Alama ya chama na alama ya uhuru zilizaliwa pamoja, na mkasi hauna pa kupita. Ndiyo maana wapinzani wa huko huilalamikia bendera na bado wanashindwa kuibadilisha.

Zimbabwe unaweza kuitaja kwa sentensi moja kwa ajili ya ujirani: nyuma ya yule ndege kuna nyota nyekundu, na wapiganaji wa ZANLA, jeshi la ukombozi la chama cha ZANU, walikuwa na kambi Mgagao hapahapa mkoani Iringa.

Sasa jembe na nyundo. Sema wazi mapema kwamba TANU na CCM hazikuwa vyama vya kikomunisti, na Azimio la Arusha la 1967 lilidai ujamaa wake yenyewe. Jembe na nyundo ni nembo ya CCM, iliyozaliwa 5 Februari 1977. Halipo kwenye bendera ya taifa. Bendera yetu ya 1964 iliunganisha rangi za Tanganyika na za Zanzibar, na ingawa rangi hizo zina asili ya TANU na ASP, chama hakikuchorwa juu yake. Vyama vingi viliporudi 1992 hapakuwa na haja ya kugusa bendera. Mzazi akiuliza, mwoneshe bendera ya Kongo ya 1970 karibu na yetu, aangalie mwenyewe. Nembo ya chama chochote kilichosajiliwa leo usiitundike. Hapo maonyesho ya Historia yatageuka kuwa mkutano wa kampeni. Nembo ya taifa inatosha: ina mwenge, mkuki, na jembe na shoka vilivyopishana.

Maktaba_Mafinga

Nakubaliana na mzee wa Kihesa kuhusu mkasi kukosa pa kupita. Naongeza sanamu kwa kifupi, maana picha mbili zinatosha.

Ya kwanza ni jumba la kaburi la Georgi Dimitrov, kiongozi wa kwanza wa kikomunisti wa Bulgaria, mjini Sofia. Lilijengwa kwa siku sita mwaka 1949. Mwili wake ulitolewa na kuchomwa 1990. Serikali ilipolilipua Agosti 1999, mlipuko wa kwanza uliliinamisha tu, na zikahitajika jumla ya majaribio manne, kwa sababu kuta zilikuwa nene mno. Wananchi wengi wa Bulgaria walipinga kulibomoa. Mwili wa Lenin mwenyewe bado uko kwenye jumba lake Moscow.

Ya pili ni sanamu ya mama mwenye upanga na ngao, Kyiv, iliyozinduliwa 1981 kwa kumbukumbu ya vita. Sheria za Ukraina za 2015 ziliondoa sanamu za Lenin zaidi ya 1,300, lakini hiyo iliachwa, kwa kuwa kumbukumbu za vita dhidi ya Wanazi zilisamehewa. Agosti 2023 wakapanda mafundi, wakang'oa nembo ya Kisovieti kwenye ngao, wakafunga ile ya Ukraina yenye ncha tatu. Picha hiyo itundike jirani na bendera ya Budapest, na kwenye manila andika mwaka na kilichoondolewa tu. Sababu waandike wanafunzi wenyewe.