Wakuu naomba ushauri: andiko la kuomba ruzuku ya mradi wa kripto Mwanza, tuandikeje mpaka likubaliwe?

KijanaWaNyegezi:
Habari za jioni wakuu, niende kwenye mada. Hapa Mwanza tuna kikundi cha vijana, wengi wanachuo wa SAUT na wengine wako mtaani na mishe zao, Jumamosi tunakutana Nyegezi kufundishana kripto, yaani hela za kidijitali kama Bitcoin. Siyo kutrade wala kuuza sarafu, tunafundisha mtu kutunza waleti yake, kumjua tapeli anavyokuja, na kupokea hela ya ndugu aliye nje bila kuliwa na makato makubwa (waleti ni pochi ya kidijitali ya kutunzia hizo sarafu). Sasa tunataka darasa la kudumu Kirumba jirani na soko la Mwaloni, maana akina mama wa dagaa na vijana wa mizigo ndio wanapigwa sana na hizi upatu za simu zinazojiita Bitcoin. Andiko tumeshaandika ila tukilisoma tunaona halijakaa sawa. Linaanza hivi: "Mradi huu utaleta mapinduzi ya kifedha Kanda ya Ziwa kupitia teknolojia ya blokcheni." (Blokcheni ni lile daftari la pamoja la mtandaoni linaloandika miamala ya kripto.) Bajeti tumeweka mafunzo dola 3,500 na mengineyo dola 1,500. Aliyewahi kuandika au kusoma haya maandiko anishike mkono, hili jambo lipo moyoni kweli.

Ngosha_Ilemela:
Mkuu hongereni kwanza. Huwa nasaidia kupitia maandiko ya vikundi kabla hayajatumwa, na hiyo sentensi yenu ya kwanza nimeiona kwa kila kikundi, ukitoa Kanda ya Ziwa ukaweka Lagos inabaki vilevile. Msomaji ana mafaili mengi mezani, hana haja ya kuambiwa blokcheni ni nini, hiyo anaijua kukuzidi. Asichokijua ni Mwaloni. Hajui kwamba pale dagaa wanatoka visiwani na wanapakiwa kwenda mpaka nchi jirani, hajui mama anapokea hela ya mzigo kwa simu na simu hiyohiyo ndiyo tapeli anaipigia. Sasa we ulichoandika vizuri kabisa ni hapa kwenye uzi, ile ya "tunafundisha mtu kutunza waleti yake, kumjua tapeli anavyokuja", chukua hiyo uiweke juu. Halafu hiyo "mengineyo dola 1,500" itoe leo hii, hakuna mfuko utakaoipitisha. Andika kodi ya chumba kwa mwezi, bando, projekta ya kukodi, nauli ya walimu, kila kitu na bei yake ya hapahapa Mwanza, na mgawe kwa awamu: awamu ya kwanza mnafanya hiki, mnaleta ushahidi huu, ndipo hela ya pili itoke.

dagaa_kavu:
Mimi nina duka Mwaloni, niseme ukweli wangu. Mkija kuwaambia akina mama waweke mtaji kwenye sarafu mtawaumiza. Bitcoin Novemba 2021 ilifika karibu dola 69,000, mwaka mmoja baadae iko chini ya 17,000. Mama wa dagaa akiingia kule juu robo tatu ya mtaji imekwenda na watoto hawaendi shule.

KijanaWaNyegezi:
@dagaa_kavu nakuelewa kaka, na hatuwaambii wanunue, ndo maana somo la kwanza ni utapeli.

dagaa_kavu:
Basi liandikwe humo ndani, kwamba hamshauri mtu kununua. Na muandike nani wa sokoni amewakubali, uongozi wa soko au kikundi cha akina mama, mtu atakayesema ndiyo hawa tunawafahamu.

BintiUkerewe:
Kuongezea kwa Ngosha, mjue mnaomba WAPI maana mifuko haifanani. Ethereum Foundation, taasisi inayosaidia kukuza mtandao wa kripto wa Ethereum, wanapenda kazi ya wazi isiyo ya biashara, kwa hiyo masomo yenu ya Kiswahili mkiyaweka bure kila mtu ayatumie hiyo ni hoja kubwa sana. Human Rights Foundation, shirika la haki za binadamu, wana mfuko wa Bitcoin tangu 2020 na elimu wanaisaidia. Cardano, mtandao mwingine wa kripto, wana mfuko wa Catalyst, kule wanaopiga kura ya nani apewe ni wenye ADA, sarafu yao, hivyo lazima mjulikane kabla. Gitcoin, jukwaa la kuchangia miradi mtandaoni, ndio watu wengi hawaielewi: idadi ya wachangiaji ina uzito kuliko ukubwa wa mchango. Watu 100 wakitoa dola 1 kila mmoja, kwenye kanuni iliyowapa jina (kipeuo cha pili cha kila mchango, jumlisha, kisha jumla zidisha kwa yenyewe) inasoma 10,000, mtu mmoja akitoa dola 100 inasoma 100 tu, halafu mfuko wa wafadhili unagawanywa kwa kufuata uzito huo. Hivyo wale wanafunzi wenu wa Jumamosi wana kazi kubwa kuliko tajiri mmoja. Ila msitengeneze akaunti feki, wana njia za kuchuja na mkikamatwa jina limekwisha.

Mwanasheria_Nyamagana:
Msisahau sheria ya nyumbani. BoT, Benki Kuu ya Tanzania, ilitoa tangazo Novemba 2019 kwamba hizi sarafu hazitambuliki kisheria nchini, Juni 2021 Rais Samia akaitaka benki kuu ianze kujiandaa, na Sheria ya Fedha ya 2024 ikaweka kodi ya zuio (inayokatwa kabla hela haijamfikia mlipwaji) asilimia 3 kwenye malipo ya kuhamisha mali za kidijitali. Yaandikeni haya wenyewe kwenye kipengele cha hatari kabla msomaji hajauliza. Sajilini kikundi halmashauri, mwe na katiba na akaunti ya benki. Hela ikija kwa kripto isikae kwenye simu ya mtu mmoja, fungueni waleti ya funguo tatu ambayo haitoi hela mpaka wawili wakubali, na semeni mtaibadilisha lini kuwa shilingi.

KijanaWaNyegezi:
Wakuu Mungu awabariki. Nimeanza upya hivi: "Soko la Mwaloni, Kirumba, wafanyabiashara wa dagaa wanapoteza mitaji kwa upatu wa simu unaotumia jina la Bitcoin. Tutawafundisha kwa Kiswahili kuutambua, na baada ya mafunzo wataelewa."

Ngosha_Ilemela:
Aisee sasa tunaongea. Hapo tu kwenye "wataelewa", utajuaje? Chukua meseji kumi za simu, nyingine za kweli nyingine za utapeli, mpe kila mtu azichambue siku ya kwanza na siku ya mwisho, muandike majibu yake bila jina wala namba yake ya simu. Jumamosi hii hapo Nyegezi mnaweza kuanza nayo, matokeo yake yaingie kwenye andiko kabla hamjatuma.

dagaa_kavu:
Hizo meseji za utapeli njooni dukani, ninazo nyingi.