Futiboli ya Kimarekani ya vyuo vikuu, ligi ya Big Ten msimu wa 2024: kanda zimefutwa, Iowa itapitia wapi kufika Indianapolis?

Swali: MkaziWaIowaCity

Ndugu zangu, hamjambo. Naishi Iowa City, mji ambao Jumamosi ya mechi ya nyumbani hata kwenda sokoni inabidi upange mapema, kwa kuwa watu wapatao 69,000 huwa wanaelekea Kinnick Stadium, uwanja wa timu ya Chuo Kikuu cha Iowa, tangu asubuhi. Nilihamia hapa nikiijua soka peke yake. Kilichonivuta kwenye futiboli ya Kimarekani ni jambo linalofanyika robo ya kwanza inapokwisha: uwanja mzima, wachezaji wa pande zote mbili wakiwamo, hugeukia hospitali ya watoto iliyo jirani na kuwapungia mkono watoto waliosimama madirishani ghorofa ya juu. Desturi hiyo ilianza mwaka 2017. Siku niliyoiona kwa mara ya kwanza nilikuwa nimembeba binti yangu mabegani, naye akaendelea kupunga mikono yote miwili hata baada ya mpira kuanza tena. Tangu siku hiyo timu hii ni yetu.

Sasa swali langu. Kuanzia 2014 hadi 2023 ligi ya Big Ten ilikuwa na Kanda ya Mashariki na Kanda ya Magharibi, na bingwa wa kila kanda alikwenda kucheza fainali Indianapolis. Iowa ilifika huko mwaka 2015, 2021 na 2023. Mwaka huu Oregon, Washington, USC na UCLA wameingia, vyuo vimefika 18, kanda zimefutwa, na fainali ya tarehe 7 Desemba itachezwa na timu mbili zitakazoongoza msimamo mmoja wa ligi nzima. Kila timu ina mechi 9 za ligi, kwa hiyo zipo timu 8 ambazo haitakutana nazo kabisa. Naomba mwenye kuelewa anifafanulie: msimamo wa namna hiyo utaweza kweli kutuonyesha nani bora? Na Iowa, iliyozoea kupitia mlango wa Magharibi, imebakiziwa njia gani?

Jibu: ShabikiWaColumbus

Ndugu, mimi ni shabiki wa Ohio State, timu ya hapa Columbus, lakini nitakujibu kwa haki. Mlango wa Magharibi uliwafikisha fainali, haukuwafikisha kwenye kombe. Katika fainali zote 10 za kipindi hicho, bingwa alitoka Mashariki kila mara. Ninyi wenyewe mlifungwa na Michigan 42 kwa 3 mwaka 2021, kisha 26 kwa 0 mwaka 2023. Ni mwaka 2015 tu mlipokaribia, mlipoingia fainali bila kupoteza hata mechi moja, na Michigan State wakawafunga 16 kwa 13 kwa shambulizi la hatua 22 mfululizo lililokula zaidi ya dakika 9 na kuishia kwa tachidauni (kuufikisha mpira eneo la mwisho la mpinzani) sekunde 27 kabla ya filimbi ya mwisho. Kwa hiyo kilichofutwa ni njia fupi ya kufika mahali ambapo mlikuwa mkiumizwa.

Kuhusu utaratibu, timu zikilingana kwa ushindi, kwanza huangaliwa matokeo ya mechi iliyozikutanisha. Kama hazikukutana, hulinganishwa rekodi zao dhidi ya wapinzani ambao zote zilicheza nao, na zikiendelea kulingana, mwishowe hupimwa uzito wa ratiba, yaani wapinzani wa kila timu walishinda mechi ngapi za ligi. Hapo ndipo penye jambo jipya ambalo mashabiki wengi hawajalizingatia: mwaka huu itawabidi kuwaombea mema hata mliowafunga. Mkiifunga Northwestern mwezi Oktoba, basi kila ushindi wa Northwestern baada ya hapo unaweza kuwa na faida kwenu mwishoni mwa Novemba.

Nimeitazama ratiba yenu kwa makini, na nasema bila kusita kwamba mmependelewa. Hamtakutana na Michigan, bingwa wa taifa wa msimu wa 2023, wala Oregon, wala Penn State, wala USC. Mzigo mzito ni mmoja, nao ni kuja kwetu Columbus tarehe 5 Oktoba. Sisi mwaka huu tumemleta Caleb Downs kutoka Alabama, Quinshon Judkins kutoka Ole Miss na kwotabeki (mrusha mpira anayeongoza mashambulizi) Will Howard kutoka Kansas State, kwa hiyo sitarajii mtoke salama. Hata hivyo, timu iliyopoteza mechi moja tu ya ligi inaweza kabisa kufika Indianapolis.

Msisahau pia kwamba mchujo wa ubingwa wa taifa umepanuliwa kutoka timu 4 hadi 12. Mabingwa 5 wa ligi walio juu katika orodha ya kamati wanaingia, pamoja na timu 7 nyingine zilizo bora. Timu zilizo nafasi ya 5 hadi ya 8 zitaandaa mechi za raundi ya kwanza katika viwanja vyao wenyewe. Hebu fikiria Kinnick mwezi Desemba, theluji imeganda pembeni, na timu ya kusini inashuka kwenye basi.

Jibu: MwalimuWaLosAngeles

Nakubaliana na ndugu wa Columbus kuhusu hesabu, ila nadhani haki ya msimamo haipimwi kwa wapinzani peke yao. Safari nazo zihesabiwe. Chukua UCLA, timu ya mji wangu: tarehe 5 Oktoba wako Penn State, tarehe 19 wako Rutgers, New Jersey, na tarehe 2 Novemba wako Nebraska, mbali na safari ya Louisiana ya mwezi Septemba, ambayo si ya ligi. Mechi ikipangwa saa sita mchana kwa saa za New Jersey, mwili wa mchezaji aliyetoka Los Angeles unasoma saa tatu asubuhi, na kijana huyo anatakiwa awe ameamka, amekula na kupasha misuli moto kabla ya hapo. Jumatatu anarudi darasani. Nafundisha vijana wa umri huo, na naona wanavyokuwa wakikosa usingizi siku mbili mfululizo.

Ninyi wa Iowa mtakuja kwetu, uwanja wa Rose Bowl, mara moja tu, Ijumaa tarehe 8 Novemba. Msiidharau safari hiyo. Mtakuwa mmetoka kucheza na Wisconsin Jumamosi iliyotangulia, na siku moja ya maandalizi imekwisha kukatwa.

Jibu: MzeeWaMinneapolis

Wanangu, mmezungumza vizuri juu ya ratiba, lakini naona mnalizunguka tatizo lenyewe. Mwaka jana Iowa ilishinda mechi 10 huku safu yake ya ushambuliaji ikiwa ya mwisho kwa yadi za kusonga mbele katika daraja zima la juu la vyuo, na wastani wake ukiwa pointi 15 tu kwa mechi. Brian Ferentz, kocha wa ushambuliaji na mtoto wa kocha mkuu Kirk Ferentz, alikuwa na mkataba uliomdai wastani wa pointi 25, na hakuufikia. Sasa kazi hiyo amepewa Tim Lester. Kwotabeki Cade McNamara anarudi kutoka jeraha la goti lililomaliza msimu wake mwezi Septemba mwaka jana. Na Tory Taylor, yule Mwaustralia ambaye mateke yake marefu ya kuachia mpira yaliwabana wapinzani karibu na lango lao wenyewe, amekwenda timu ya kulipwa ya Chicago Bears. Ulinzi upo, Jay Higgins, aliyewaangusha wapinzani mara 171 msimu uliopita, amebaki. Lakini ulinzi bila mateke ya Taylor utaanza kazi ukiwa umerudishwa nyuma yadi nyingi, na ndiyo maana ushambuliaji lazima ufike angalau pointi 24. Chini ya hapo, ratiba nyepesi haitawasaidia.

Kuhusu kanda, sizililii. Ligi imelinda mechi 12 za watani wa jadi zichezwe kila mwaka, na Iowa peke yake imepewa 3: Minnesota, Wisconsin na Nebraska. Hakuna chuo kingine kilichopewa nyingi hivyo, na Penn State haikupewa hata moja. Sisi wa Minnesota na ninyi tunaendelea kugombea yule nguruwe wa shaba, Floyd of Rosedale, anayeshindaniwa tangu 1935. Mwaka jana tulimchukua kwa 12 kwa 10 hapo hapo Kinnick, na najua mnavyolalamikia uamuzi wa dakika za mwisho. Mje mumfuate hapa tarehe 21 Septemba.

MkaziWaIowaCity

Nashukuruni sana, na shikamoo Mzee. Nilikuwa nikitafuta njia kwenye msimamo, kumbe nilipaswa kuitafuta kwenye ushambuliaji. Nimeziandika tarehe zote kwenye kalenda ya jikoni, na ile ya 21 Septemba binti yangu ameichorea nguruwe. Tiketi nimechukua za tarehe 12 Oktoba, Washington watakapokuja hapa, wiki moja baada ya Columbus. Nikizihesabu pointi siku hiyo zikafika 24, nitarudi kuwaeleza.