Chokoleti ya nyumbani yenye vipande vya tofi ya karanga: siagi inajitenga, tofi inalainika

KijikoKirefu

Wakuu, habari. Natengeneza chokoleti kuanzia siagi ya kakao na kakao ya unga, na ndani yake naweka vipande vya tofi ya karanga. Mambo matatu yananisumbua:

1. Tofi ikikaribia kuiva, siagi inajitenga. Mafuta yanaelea juu, sukari inabaki bonge chini.
2. Tofi ikipoa inavunjika vizuri tu, lakini ikikaa ndani ya chokoleti siku chache inalainika na kunata kwenye meno.
3. Chokoleti inaganda ila haing'ai, ina michirizi ya kijivu, na ukiishika inaanza kuyeyuka papo hapo. Pia inakwaruza ulimi.

Vipimo vyangu. Tofi: siagi g 200, sukari g 200, maji kijiko kimoja, karanga kikombe. Chokoleti: siagi ya kakao g 100, kakao g 70, sukari ya kawaida g 80. Kipimajoto sina, naangalia rangi. Nianze kurekebisha wapi?

---

FundiTofi

Anza na kipimajoto cha sukari, kile kinachofika nyuzi 200 za Selsiasi. Rangi inadanganya. Sukari inaweza kuungua pembeni ya sufuria na kuipaka tofi nzima rangi nzuri huku katikati kukiwa bado na maji mengi.

Na tofi ni habari ya maji tu. Mchanganyiko ukiwa nyuzi 115 bado una maji kama asilimia 15. Ukifika 140 yamebaki kama asilimia 5, na hapo ndipo wengi wanapoepua: ikipoa inavunjika, ukiitafuna inanata. Ukifika 150 maji ni kama asilimia 1, na hiyo ndiyo tofi inayokatika bila kunata. Ukipita 160, siagi inaanza kuwa chungu. Kwa hiyo epua ikiwa 149 au 150, usisubiri zaidi, kwa sababu sufuria nzito itaendelea kuipika kidogo hata nje ya moto.

Kipimajoto chenyewe kipime kwanza kwenye maji yanayochemka. Kikisoma 97 badala ya 100, ama kina kasoro ama uko mahali pa juu (joto la maji kuchemka linashuka kama nyuzi 1 kila mita 300 za mwinuko). Sababu yoyote iwayo, dawa ni moja: toa zile nyuzi 3 kwenye lengo lako, uepue kikisoma 147.

Vipimo ninavyopendekeza: siagi g 225, sukari g 200, maji vijiko 3 vya mezani, glukosi ya maji kijiko 1 cha mezani, chumvi nusu kijiko cha chai, karanga au lozi g 120. Maji yako ya kijiko kimoja hayatoshi. Yanakauka kabla sukari haijayeyuka yote, na chembe zilizobaki ndizo zinazofanya sufuria nzima igeuke chengachenga baadaye. Glukosi nayo inazuia chembe za sukari zisishikane upya.

Tumia sufuria yenye kitako kinene, ya lita 2 au 3, maana tofi inafura. Yeyusha siagi kwa moto mdogo, tia sukari, maji, glukosi na chumvi, koroga taratibu mpaka usisikie tena mchanga chini ya mwiko. Hapo ndipo unapandisha moto uwe wa wastani. Chembe zikipanda ukutani mwa sufuria, zifute kwa brashi iliyolowa maji ya moto, usizikwangue kwa mwiko kuzirudisha ndani. Endelea kukoroga polepole bila kuacha. Kutoka kuchemka hadi 150 ni kama dakika 12 hadi 15. Ikichukua dakika 6, moto ni mkali mno.

Siagi kujitenga kunatokana na moto mkali, sufuria nyembamba, au joto kubadilika ghafla. Ile ya ghafla ndiyo inayosahaulika sana: mtu anamwaga karanga za baridi ndani ya tofi ya nyuzi 150, inashtuka na kuachia mafuta. Karanga zikae kwenye oveni ya nyuzi 160 kwa dakika 10 hadi 12, zimenywe maganda, zikatwe, kisha zirudi kwenye oveni iliyozimwa zibaki na uvuguvugu hadi utakapozihitaji.

Dalili ya kujitenga huanzia ukingoni. Unaona mstari mwembamba wa mafuta ya manjano unazunguka sufuria, na katikati tofi inaanza kujikunja na kuachia mwiko. Ukiiona hapo, sogeza sufuria pembeni, tia kijiko 1 cha maji ya moto (simama mbali, yatalipuka mvuke), koroga taratibu. Isiposhikana, ongeza kingine, hadi vijiko 3 au 4. Ikirudi kuwa laini, irudishe kwenye moto mdogo na uipandishe tena hadi 150. Usidanganyike na rangi, maana sasa itakuwa na rangi ya tofi iliyoiva huku ina maji mapya.

Ikifika, epua, changanya karanga haraka, mwaga kwenye trei yenye karatasi ya kuokea, isambaze iwe na unene wa kama milimita 5. Sukari ya joto hilo inaunguza kuliko maji yanayochemka kwa sababu inang'ang'ania ngozi, kwa hiyo usiiguse wala kuionja. Sufuria usiikwangue. Ijaze maji, ichemshe, itajisafisha.

---

BintiKakao

Niingie kwenye chokoleti.

Kukwaruza: sukari haiyeyuki kwenye mafuta, hata ukikoroga mpaka kesho. Kiwandani wanasaga mchanganyiko mpaka chembe ziwe ndogo kiasi kwamba ulimi hauzihisi, chini ya sehemu 30 za elfu ya milimita. Nyumbani huna mashine hiyo, basi tumia sukari ya unga laini kabisa na uichekeche pamoja na kakao kabla ya kuitia. Itapungua sana, haitaisha yote. Mwenye kutaka ulaini wa dukani anahitaji kisagio cha mawe kinachozunguka kwa saa nyingi. Asali na sharubati usiziguse. Zina maji, na maji kidogo tu yanaifanya chokoleti ishikane ghafla iwe kama udongo mkavu. Bakuli, mwiko na hata mvuke wa sufuria ya chini viangalie kwa sababu hiyo hiyo.

Vipimo vyako ni vizuri: 100, 70 na 80 vinakupa chokoleti nyeusi yenye asilimia 68 ya kakao. Ongeza gramu 1 ya lesithini ya soya kama unayo, itakuwa nyepesi kumiminika. Ukitaka ya maziwa: siagi ya kakao g 100, maziwa ya unga yenye mafuta g 60, kakao g 30, sukari ya unga g 90.

Michirizi ya kijivu na kuyeyuka mkononi ni ugonjwa mmoja: hujaitempa. Siagi ya kakao inaweza kuganda kwa maumbo 6 tofauti ya fuwele, na ni la tano tu linalong'aa, linalokatika kwa mlio na kuyeyuka karibu nyuzi 34. Ukiiacha igande yenyewe inachukua maumbo yaliyo dhaifu, yanayoyeyuka kwa joto la chini, ndiyo maana vidole vyako vinatosha kuiyeyusha. Kutempa ni kuyayeyusha maumbo yote, kisha kuipa chokoleti mbegu ya lile zuri.

Nyeusi: yeyusha hadi 45–50, shusha hadi 27–28 ukikoroga, pandisha hadi 31–32.
Ya maziwa: 40–45, kisha 26–27, kisha 29–30.

Njia rahisi ni ya mbegu. Iache nyeusi ishuke hadi 34, kisha tia chokoleti ngumu iliyokwisha kutempwa, iliyokatwa vipande vidogo, kama robo ya uzito wote, kidogo kidogo, ukikoroga hadi isome 31 au 32. Kwa kuwa yako unaianzia kwenye unga, mara ya kwanza mbegu itabidi iwe kipande cha chokoleti ya kununua inayong'aa, yenye siagi ya kakao na si mafuta mengine ya mimea. Baadaye unabakiza kipande cha ile yako iliyotoka vizuri.

Kabla ya kumimina, chovya ncha ya kisu, iache dakika 3 hadi 5 kwenye chumba cha nyuzi 20 hivi. Ikikauka na kung'aa, mimina. Ikibaki na unyevunyevu au michirizi, ongeza mbegu. Na ikipita 34 kwa bahati mbaya, usihangaike kuiokoa kwa kuipoza tu. Fuwele zimeyeyuka, rudi mwanzo. Haiharibiki, inarudiwa hata mara nyingi mradi haijaungua wala kuingia maji.

---

MwikoMpana

FundiTofi kasahau bekingi soda. Robo kijiko cha chai, ichekechwe, iingie pamoja na karanga. Inatoa hewa ya kaboni, tofi inakuwa na vijitundu na meno yanapita bila shida. Tofi isiyo na soda kwa wengine ni jiwe.

---

FundiTofi

Sijaisahau, nimeiacha makusudi. Kwa tofi ya kuliwa yenyewe nakubaliana na wewe moja kwa moja. Kwa tofi ya kuingia ndani ya chokoleti, vile vijitundu ni milango: sukari iliyopikwa inavuta unyevu wa hewa, na kadiri uso wake ulivyo mpana ndivyo inavyovuta haraka. Hilo ndilo tatizo namba 2 la mwenye swali. Nusu ya kipimo chako, labda. Ikizidi robo kijiko inaanza ladha ya sabuni.

Dawa ya ugumu ni unene. Vipande vya milimita 5 havimshindi mtu.

---

BintiKakao

Hapo kwenye kulainika ndani ya chokoleti kuna kazi ndogo ambayo wengi wanairuka. Tofi ikishapoa kabisa, ivunje vipande vya milimita 5 hadi 8, kisha ichekeche na utoe vumbi lote. Vumbi hilo linaifanya chokoleti kuwa nzito na linavuta unyevu kuliko vipande vyenyewe (ni tamu juu ya aiskrimu, usilitupe). Futa vipande kwa karatasi ya jikoni kuondoa siagi iliyobaki juu. Halafu yeyusha siagi ya kakao, kijiko 1 cha chai kwa kila g 100 za tofi, iache ipoe hadi 34 hivi, mwagia, tikisa bakuli mpaka kila kipande kipate ngozi nyembamba na vyote viachane. Ngozi hiyo ndiyo koti la mvua.

Kwa g 250 za chokoleti weka g 60, mwisho 70, za tofi. Ukizidisha, vipande vinachungulia nje kwenye uso wa kipande cha chokoleti, na pale panapochungulia ndipo unyevu unapoingia. Vipande viwe na joto la chumba. Vikitoka kwenye friji vinaigandisha chokoleti kabla haijajaza kalibu, tena vinakuja na umande.

Kalibu igongegonge mezani kutoa hewa. Unaweza kuiweka kwenye friji dakika 10 hadi 15 ili kuondoa joto la kuganda, basi. Isilale humo. Ukiitoa ikiwa baridi sana, umande unatua juu, unayeyusha sukari ya usoni, na ukikauka unaacha madoa meupe yanayokwaruza. Hayo ni tofauti na ile michirizi ya kijivu yenye utelezi, ambayo ni mafuta.

---

KijikoKirefu

Asanteni sana. Maswali mawili ya nyongeza. Siagi ya kakao ikipungua naweza kujazia mafuta ya nazi? Na nikitaka bapa zima la tofi lililopakwa chokoleti juu, si vipande ndani, chokoleti itashika? Naona inabanduka kama ganda.

---

BintiKakao

Mafuta ya nazi yataifanya chokoleti laini kuliko unavyotarajia, ndivyo mafuta hayo mawili yanavyoathiriana. Kwa chokoleti ya kula kutoka kwenye friji, sawa. Kwa ya kung'aa na kukatika, hapana. Bora upunguze kakao na sukari kwa uwiano uleule.

---

FundiTofi

Bapa linabanduka kwa sababu kuna utando wa siagi juu ya tofi, na chokoleti iliyotempwa inasinyaa ikiganda, kwa hiyo haina pa kushikia. Tofi ikipoa hadi joto la chumba, ifute mpaka karatasi isitoke na mafuta, ipake kakao ya unga kidogo kwa kidole na ukung'ute inayozidi, ndipo umimine chokoleti ya 31. Nyunyiza karanga zilizosagwa juu ikiwa bado mbichi. Ikikauka geuza, ufanye upande wa pili vilevile, vinginevyo upande ulio wazi utavuta unyevu na kunata.

Kuna njia ya mkato ya kumwaga vipande vya chokoleti juu ya tofi ya moto viyeyuke vyenyewe. Inashika vizuri sana, ila mng'aro usahau, maana joto la tofi limeua fuwele zote. Karanga za juu zinaficha.

Bapa livunje baada ya saa 2 hivi, chokoleti ikiwa imekaza, na vipande vifungiwe kwenye chombo kisichopitisha hewa, karatasi katikati ya kila tabaka, chumba cha nyuzi 16 hadi 20. Viliwe ndani ya wiki 3 au 4, kwa kuwa mafuta ya karanga huhamia kwenye chokoleti taratibu na kuitia madoa, na karanga zenyewe huanza kuchacha.